Siku Bibi Aliporudi Kwenye Sinia

Ilianza siku ya Ijumaa, saa saba na dakika kumi mchana, wanaume wamesharudi msikitini na biriani limeshapakuliwa. Bibi alinyanyuka kwenye sinia. Hakuwa amekasirika. Alijishika magoti, akasimama, akasema kwa sauti yake ya siku zote, "Mie nitilieni changu kwenye sahani, ntakula chumbani."

Nakuhadithia haya kwa sababu wiki iliyopita tulipita Darsait mimi na Mama, tukasimama chini ya jengo tulilokuwa tukikaa zamani. Kwenye dirisha la jikoni kwetu ikatoka harufu ya kitunguu, wanakaanga watu nisiowajua. Mama akasema, "Wanakiunguza hao," akawasha gari. Mimi sikusema kitu. Kwa kawaida huwa sisemi, unanijua, lakini nilipofika nyumbani nikaona bora niandike.

Wakati huo nilikuwa darasa la saba. Bibi alikuwa ameambiwa ana sukari. Nilikwenda naye kituo cha afya, nikamsikia daktari kwa masikio yangu: apunguze wali, apunguze samli na vitu vitamu, ale mboga kwa wingi, samaki, dengu, na nafaka isiyokobolewa, kwa kiasi. Hakumwambia ale peke yake. Hilo tulilitunga sisi nyumbani, kwa mapenzi. Mama akawa anampikia mbali, kuku wa kuchemsha na karoti za kuchemsha, mpaka chakula kinatoka hakina rangi. Bibi alivumilia wiki chache kukaa nasi na sahani yake pajani. Ijumaa ile ndiyo akachoka.

Kama umekulia kwenye sinia utajua kilichotupotea. Kazi ya Bibi pale ilikuwa kuchambua nyama, kuitoa mfupa, na kuisukuma mbele ya kila mtu huku mazungumzo yanaendelea. Mimi nilikuwa naona haya hata kunyoosha mkono katikati, na sikuwahi kuhitaji. Bibi alipohamia chumbani, nikawa nakula wali mtupu wa upande wangu na kila mtu anadhani nimeshiba.

Ikaja sikukuu ya taifa, Novemba, joto limeshakatika na watu wanafungua madirisha. Siku hiyo ukoo wote ulikuwa ukija kwetu, na Shangazi anatoka Bustan na watoto wake. Bibi akasema mapema kabisa, "Nyinyi kuleni na wageni. Mie ntakuwapo chumbani, mlango wazi, ntawasikia."

Nilimfuata Mama jikoni. Nilikaa nikizungusha kifuniko cha chumvi, mwisho nikamwambia sinia la wanawake nitapika mimi, na chote kitakachokuwemo Bibi ataweza kula.

"Sikukuu bila ya biriani?" Mama akasema. "Watu watatusema mpaka mwakani."

"La wanaume lipikwe biriani. La kwetu tu."

"Utapika nini?"

"Bokoboko."

Alinitazama kidogo. "Bokoboko lina kupigwa lile. Una mikono wewe?"

Hakukataa. Asubuhi ya siku iliyotangulia sikukuu Baba alinipeleka Mawaleh, soko la mboga lingali kule. Nilinunua boga, mchicha, matango, ndimu, na nguru mmoja kwa muuza samaki wa njiani. Ngano nilitafuta ile yenye maganda yake, kwa sababu ya daktari. Hapo ndipo nilipokosea. Ngano ya bokoboko sote tunajua kuiroweka, lakini ile tuliyoizoea imeshatwangwa. Mimi niliiroweka hii kama ile, nikaipika kama ile na kifua cha kuku, na ulipofika wakati wa kuipiga bado inanitazama punje kwa punje.

Shangazi akaingia jikoni na buibui lake begani, akafunua sufuria.

"Hiki nini, mwanangu? Mnafuga kuku hapa Darsait?"

"Bokoboko, Shangazi."

"Hili? Hili chakula cha hospitali. Na hiyo samli iko wapi?"

Nilihisi masikio yanawaka. Mama, alinistahi siku ile sitasahau, akaitia ngano yote kwenye sufuria ya presha, akaufunga mfuniko. Sisi wawili tukaisikiliza ikipiga mluzi, huku mimi nakata kachumbari na samaki yumo ndani ya oveni, amepakwa ukwaju, thomu na pilipili. Boga nililipika na tui jepesi na mdalasini, sukari hata chembe. Mchicha nikaukaanga na nyanya. Dengu zilishaiva zamani, zinanuka bizari nyumba nzima.

Ngano ilipolainika nikakaa chini, sufuria nimeibana kwa miguu, nikaanza kupiga kwa mwiko. Usidhani ni kazi ndogo. Mwanzo linakataa, halafu linavutika, halafu linakuwa zito kama linakushika mkono wewe. Shangazi alisimama mlangoni akinihesabia makosa: nainama vibaya, nashika mwiko kama kalamu, napiga kama naogopa kumuamsha mtu. Hilo la mwisho lilikuwa kweli, nikaacha kuogopa. Kuku akayeyuka ndani ya ngano, huwezi kujua kipi ni kipi, na Shangazi kidogo kidogo akanyamaza.

Tukapakua. Bokoboko katikati, si mlima, bapa tu, na mboga zimelizunguka pande zote nyingi kuliko lenyewe: boga la manjano, mchicha, dengu, kachumbari, na vipande vya samaki juu. Nilikwenda mlangoni kwa Bibi. "Bibi, njoo kwenye sinia. Lote lako."

"Nsije nikawaharibia wageni chakula chao, mama."

"Wameshanawa. Wanakusubiri wewe."

Akaja, polepole, akasimama pembeni ya mkeka anatazama. Sasa wewe unajua bokoboko linavyomaliziwa kwetu: unafanya kishimo katikati, unamwagia samli ya moto na kitunguu cha kukaanga. Shangazi alifanya alivyofanya maisha yake yote. Alitoka jikoni na bakuli la samli linachemka, akainama juu ya sinia. Wanawake wote wanangoja samli. Nilimwona Bibi ameshaanza kugeuka.

Niliweka kiganja changu juu ya bokoboko.

"Shangazi, hapo hapana."

Matone mawili yakaniangukia kwenye kifundo cha mkono. Sikuutoa mkono. Nafikiri ilikuwa mara ya kwanza mbele ya wageni kusikia sauti yangu mwenyewe, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani.

"Anayetaka atie upande wake," nikasema. "Bibi anakula hapa."

Shangazi alinitazama, akautazama mkono. "Mtoto huyu," akasema, "siku zote nilidhani bubu." Akaliweka bakuli sakafuni, pembeni. Watu wakacheka, na Bibi akakaa.

Akasema bismillahi, akachukua tonge dogo, akalitafuna kwa makini kama anasoma. Sote tukamtazama mdomo.

"Nani kalipiga hili?"

"Mimi."

"Limevutika khasa." Akachukua la pili, na boga, na mchicha. Halafu, huku akimuuliza Shangazi habari za Bustan, vidole vyake vikaanza kutoa miba ya samaki, na kipande cheupe kikaja kikasimama mbele yangu.

Hapo tena ikawa sikukuu. Mjomba alituma mtu kutoka chumba cha wanaume kuuliza hilo wanalolisifu wanawake ni kitu gani, na kama limebaki. Tukawapelekea sahani moja, wakarudisha tupu, biriani lao nusu bado lipo. Bakuli la samli lilikaa pale pale mpaka likaganda.

Darsait tumehama, jiko lile dogo lina wenyewe wengine. Soko la Mawaleh nalo limehamishwa mbali. Ukoo hauji tena wote kwa pamoja. Wengine wanatuma picha za masinia yao kwenye simu, na sinia kwenye simu halina mtu wa kukusukumia nyama. Bibi yupo, alhamdulillahi, lakini vidole havichambui tena kama zamani, na sasa mimi ndiye namtolea miba.

Asubuhi ya pili baada ya sikukuu ile, mkono wangu wa kulia haukunyanyuka kwa kupiga bokoboko. Simu ikalia, na mimi simu za nyumbani nilikuwa nazikimbia, lakini nikaipokea kwa mkono wa kushoto. Alikuwa Shangazi. Mumewe kapimwa sukari, naye wamemkataza samli. "Hebu nambie, ile ngano yako unaanzaje?"

Nikakaa chini sakafuni, nikamweleza tangu kuroweka mpaka mwisho, na nilipomsikia ananikatiza nikamwambia asubiri kwanza nimalize.