Mchanga wa Bure

Nilipanga vizuri, asiniambie mtu. Nyuma ya daftari la binti yangu niliandika kila kitu: saruji, lipu, rangi, mapazia, mchele wa wageni. Binti alikuwa amemaliza darasa la saba na kuingia unyagoni, na siku mwali anapotolewa nje, nyumba yote inatazamwa. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alimtoa wa kwake kule Chikongola kwenye nyumba yenye dari ya jipsam. Dari hiyo tuliisikia mwaka mzima. Sasa zamu ilikuwa yangu, na hela ya korosho haikutosha. Nikakata mstari mmoja tu: mchanga wa mtoni. Sisi wa Ufukoni mchanga tunaukanyaga mlangoni, niununue wa nini?

Fundi alisema mchanga wa bahari utanitesa. Nikamwambia yeye apige lipu, maneno aniachie mimi.

Kuta zilipoanza kukauka zikaanza kutema chumvi, unga mweupe nyumba nzima kama mtu kamwaga sembe. Rangi tuliyojaribu pembeni ilibambuka. Fundi akasema tungoje. Ikipita wiki bila weupe, ndipo tupake. Kungwi aliyekuwa anamfunda binti yangu alimaliza kazi yake, akaulizia tarehe. Nikamwambia bado. Wageni nimeshawaambia, vyombo viko uani chini ya turubai, hela imekwisha. Kurudi nyuma siwezi, na mbele kuna ukuta. Nilijiona mjinga, kwa hiyo nikawa mkali kwa kila mtu.

Na binti yumo ndani. Mwali havuki kizingiti mpaka atolewe, na sekondari zilikuwa karibu kufunguliwa. Kila asubuhi nilimpelekea uji na kukagua kuta za chumba chake. Safi, hazina hata punje. Nikawa nasema afadhali hiki kimekauka. Yeye ananiuliza tarehe, mimi namjibu sebule bado.

Asubuhi moja niliwahi kuliko kawaida. Nikamkuta kasimama juu ya kigoda, kashika khanga kuukuu, anafuta ukuta. Khanga imekakamaa kwa chumvi, ncha za vidole vyake zimechanika. Nikamuuliza ameanza lini.

"Tangu mwanzo, mama. Nilidhani ukiona kimekauka utanitoa. Shule zimeshafunguliwa?"

Zilikuwa na siku ya tatu tangu zifunguliwe, na mimi sikumwambia. Bakuli la uji nikaliweka chini, nikakaa hapo hapo sakafuni. Aibu niliyoisikia mbele ya mtoto yule, wifi yangu hajawahi kunipa.

Kwa fundi sikwenda tena, nilikwenda kwa kungwi. Jumamosi tukamtoa, ngoma zikapigwa, wageni wakaegemea kuta na kuondoka na migongo myeupe. Wifi alisema aliyoyasema. Jumatatu binti akavaa sare akaenda shule, vidole vimefungwa plasta.

Ndoo za rangi ziko chini ya kitanda mpaka leo. Kubandua lipu yote sina uwezo, kuhama sina pa kwenda. Alfajiri naamka kabla yake, nachukua khanga ile ile, naanzia chumbani kwake anakolala. Nafuta polepole, asije akaamka akataka kunisaidia.