Atakayewasha Tanuru

Asubuhi hiyo ya mwaka 1974, mjini Kolwezi, Sikudhani alikuwa akishindilia kuni za mwisho katika midomo ya tanuru lililosimama nyuma ya nyumba yake. Matofali alikuwa ameyafyatua mwenyewe kwa udongo wa kichuguu kilichokuwapo uani tangu kabla ya ndoa yake. Kichuguu sasa kilikuwa shimo, na majirani walikwisha kusema kwamba mjane huyu amekula hata mlima wake.

Nyumba ilikuwa rehani. Marehemu mumewe, Musafiri, aliiweka kwa mfanyabiashara mmoja apate kununua injini ya lori lake la kwenda Dilolo. Lori likafa, naye hakukawia kulifuata. Mjane hakukubali kuuza. Alimwendea Tata Mbuyu, muuza vitambaa, akamwomba alimalize deni la kwanza, nyumba iwe rehani kwake, na juu yake aongeze fedha za kujengea vyumba viwili vya kupangisha. Kodi ya vyumba hivyo ndiyo ingemlipa.

Kikwazo kilikuwa Swedi, mdogo wa marehemu. Yeye alishikilia kwamba nyumba ni ya ukoo, iuzwe, na mjane arudi kwao Kasongo. Mbuyu naye hakupenda kukopesha juu ya nyumba yenye ugomvi. Ndiyo sababu wote wawili walikuwa wamesimama uani.

"Mwanamke hajengi juu ya deni," alianza Swedi, akipangusa vumbi viatuni.

"Wewe umelala juu ya deni hilo tangu matanga, shemeji. Sijasikia ukilalamikia kitanda."

Mbuyu alikohoa ili afiche kicheko. "Mi sikuja kuamua mambo ya ukoo. Sitwayeni Swedi, raia mwenzangu, unasema nyumba ni yako?"

"Ni ya kaka yangu. Kwa hiyo ni yangu."

"Vema. Matofali haya yakipasuka motoni, vyumba hakuna, kodi hakuna, na deni linabaki palepale. Basi atakayewasha tanuru ndiye nitakayemdai. Jina lake ndilo litakaloingia katika mkataba."

Sikudhani alikwenda jikoni, akarudi na kijinga cha moto. Akamnyoshea shemeji yake kwa mikono miwili, kwa upande usiowaka, kama mtu anayempa mgeni maji.

"Karibu, mwenye nyumba."

Swedi alikitazama kijinga. Alilitazama tanuru, kisha akamtazama Mbuyu, ambaye alikuwa akisubiri bila haraka yoyote.

"Nitachafua shati," alisema.

"Shati hilo nalifua mimi. Nitalifua tena."

Mikono ya Swedi haikutoka mifukoni. Moshi wa kijinga ulipoanza kumwuma macho, akarudi nyuma hatua moja.

Basi Sikudhani akapiga goti, akakisukuma kijinga ndani ya mdomo wa kwanza. Kuni kavu zikashika, zikalia.

"Jina lako kamili, Mama?" aliuliza Mbuyu.

"Sikudhani binti Aruna. Andika kwa herufi kubwa, Tata, walioko nyuma wasome."

Swedi alingoja hadi mkopeshaji alipoondoka.

"Na mimi nitalala wapi, vyumba vikiisha kujengwa?"

"Utachagua mwenyewe, cha kushoto au cha kulia. Kodi ni ileile nitakayowatoza wageni wa kutoka Kisenge." Hakugeuka, macho yake yalikuwa kwenye moto. "Ila leo tanuru hili halitakiwi kuzimika. Kuni nyingine ziko nyuma ya choo. Vua hilo shati."