Ukuta wa Bibi wa Buhinyuza

Ting'! Ting'! Ndivyo tofali lililoiva linavyoitika likigongwa na ufunguo. Lililo bichi husema bu, basi, kama mtu aliyeshiba ugali. Sauti hiyo ninayo masikioni hadi leo, na aliyekuwa akigonga ni bosi wangu, mkurugenzi wa kampuni ya mikopo ya nyumba pale Gitega. Sisi wote tulimwita Madamu.

Mimi shule niliiachia kwenye kambi ya wakimbizi, Tanzania, sekondari haijaisha. Tuliporudi kwetu nikapata kazi ya kufungua ofisi, kupokea wageni na kubeba mafaili. Lakini kichwani nilishakaa zamani kwenye kiti cha Madamu, nimevaa koti lake la bluu. Msinicheke. Yeye mwenyewe alianzia dirishani, kwenye tawi dogo la Giheta, akihudumia watu wenye matope miguuni. Baba yake alikuwa mfyatua matofali. Ndiyo maana hakuamini picha ya nyumba mpaka agonge ukuta. Akapanda: mkuu wa mikopo, halafu naibu, halafu juu kabisa. Siku anapewa ofisi kubwa, mlinzi aliniambia, "Sasa tunaongozwa na mama anayezipigia kuta hodi!" Nilijiona kama nimepandishwa mimi.

Jambo la kwanza alilolitaka ni kuwakopesha waliorudi, kule Muyinga. Bodi ikaguna: watu wale hawana hati za viwanja, kampuni itashika nini kama rehani? Madamu akajibu kwamba mipaka majirani wanaijua. Wakamkubalia faili moja tu la majaribio. Likiharibika, Muyinga isahaulike.

Faili lilikuwa la bibi mmoja wa Buhinyuza, huko huko Muyinga, mjane aliyerudi na wajukuu watatu. Kuta alishazisimamisha kwa nguvu zake. Alihitaji mabati kabla ya mvua. Walikuwa bado wanalala chini ya turubai lile lile walilotoka nalo kambini.

Tulikwenda. Madamu akagonga kuta zote nne, ting', ting', bibi akimfuata nyuma kama mgonjwa anayesubiri daktari aseme. "Zimeiva," akasema Madamu. Vilibaki vidole vya majirani wanne kwenye karatasi, kushuhudia kwamba ule ua wa minyaa ndio mpaka.

Majirani walikuja wakaketi, na bibi akaleta mtungi wa pombe ya ndizi na mrija mmoja. Wakawa wanapokezana. Ulipofika kwangu, mimi na faili langu kifuani, nikasema kwa adabu zangu zote, "Asante, babu, mimi nimeokoka. Tena niko kazini."

Mzee wa upande wa juu alikuwa ameshachovya kidole kwenye wino. Akakifuta kwenye nyasi.

"Karatasi ni yao wenyewe," akasema, akinionyesha kwa kidevu, "na mtungi wanauogopa. Basi kuna kitu."

Akainuka. Wa pili naye akatafuta fimbo yake.

Sikujua. Nilikulia kwenye ardhi ya watu. Hakuna aliyewahi kunywea mpaka mbele yangu. Kumbe anayekataa mrija siku ya ardhi amesema mtungi una sumu, au neno lina uongo. Bibi alinitazama tu, mikono kichwani. Nilitamani kuingia ndani ya faili na kujifunga kamba.

Madamu, na koti lake la bluu, akapiga goti mavumbini. Yeye pombe hagusi, anaimba kwaya. Akachukua mrija, akaonja.

"Baba, kaeni. Huyu ni mtoto wetu, kakulia nje. Tumfundishe au tumfukuze?"

"Kakulia nje mpaka kinywa kikasahau kwao!" akadakia mama wa upande wa chini, na kicheko kikaanza.

Madamu akanigeukia. "We, unaogopa nini? Nani kasema umalize mtungi? Gusa tu."

Nikagusa. Ilikuwa chachu, nikakohoa, wakashangilia kama nimefunga goli. Mzee akarudi kuketi, akachovya kidole upya. Vidole vinne, vyeusi, vizuri!

Bodi ilipitisha. Yakafuata mafaili mengine ya Muyinga, mpaka kabati likatafutiwa mwenzake, na siku hizi ninayetangulizwa vijijini ni mimi, maana sasa najua kukaa na watu. Madamu akija na wageni hunitambulisha: "Huyu ndiye aliyekohoa Buhinyuza." Nami navimba kichwa, sifichi.

Mvua zilipofika nilipita kule peke yangu. Mlango ulikuwa umefungwa, bibi na wajukuu wako shambani. Bati lilikuwa bado linadondosha maji ya asubuhi, na lile turubai limeanikiwa maharage. Nikatazama huku na huku. Nikatoa ufunguo wa ofisi mfukoni, nikagonga ukuta mara mbili, nikaweka sikio.