Fagio Nyuma ya Goli

Karsimin hakuwa mchawi, na aliyemwita hivyo alitafuta ugomvi. Alikuwa golikipa. Goti lake lilipovunjika, klabu ya Tunas Rejo ikampa kazi aliyoifanya marehemu baba yake tangu vijana wa kijiji cha Ngasem walipong'oa visiki vya miwa wakajipatia uwanja. Kazi ya kuzuia mvua siku ya mechi.

Haikuwa na makuu. Unafunga tangu alfajiri, huli, hunywi, huogi. Unasimamisha fagio la chelewa nyuma ya goli, njiti zikitazama juu, ncha zake umezichomeka pilipili nyekundu na vitunguu. Unaiomba mvua kwa adabu ipite pengine. Mechi ikiisha, kabla jua halijazama, unaling'oa fagio na kushukuru. Mvua ni mgeni, humwambii mgeni asubiri mlangoni halafu wewe ukaenda kulala.

Ngasem ilisifika kwa mambo mawili, mchele mzuri na kufungwa. Walifungwa enzi za baba yake wakicheza pekupeku, wakafungwa enzi zake wakiwa na viatu vya kuazima, na kizazi cha sasa chenye jezi za kung'aa kikaendeleza mila. Kombe hawakuwahi kulishika.

Mwaka ule wakafika fainali ya Kombe la Uhuru. Ilikuwa ichezwe Agosti, mwezi wa uhuru, lakini wapinzani wao wa Banyurejo walikodi mchezaji kutoka mjini aliyesajiliwa kwa majina mawili, ugomvi ukazuka, mechi ikasogezwa mpaka Oktoba. Mawingu yalishaanza kujikusanya mlimani. Watu walishasia mbegu kwenye vitalu, na Ngatinah, mkewe Karsimin, alikuwa amesia mbegu zote za nyumbani.

"Mzee, safari hii iache mvua inyeshe," alimwambia. "Mpira hauliwi."

"Alasiri moja tu, mama. Moja!"

"Mpira umekula goti lako. Sasa unautafutia na mbegu zangu?"

Karsimin akacheka. Mechi zote alizozuia mvua, hakuna kitalu kilichowahi kudhurika.

Siku ya fainali wingu jeusi lilikuja mpaka juu ya uwanja, likasitasita, likageukia vilimani. Watu walishangilia wingu kuliko mpira. Kisha Teguh, nahodha, mtoto wa dada yake Karsimin, akafunga bao kwa kichwa, na hilo ndilo likawa bao pekee. Ngasem ikapata kombe.

"Babu wa mawingu! Mbebeni babu wa mawingu!"

Wakamnyanyua mabegani. Alipokuwa golini aliokoa penalti nyingi na hakuna aliyewahi kumnyanyua. Alilia mbele za watu bila haya. Wakampeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, kwenye wali wa manjano na mishikaki, jua likazama wakiimba jina lake. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji.

Baada ya hapo mvua haikunyesha. Mawingu yalikuja yakaondoka, vitalu vikageuka manjano, kisha kahawia. Mwanzoni ulikuwa utani. "Babu, fungua bomba basi, tumeshashinda!" Halafu utani ukaisha, na wanawake wakaanza kupita mlangoni kwake bila salamu. Vijiji jirani navyo vilikauka vilevile, lakini nani alikuwa na hamu ya kulisema hilo?

Teguh akaja kuaga, begi begani, kombe mkononi amwachie mjomba alitunze.

"Mjomba, naenda kutafuta kazi kiwandani. Karibu timu nzima tunaondoka."

"Na ligi je?"

"Ligi itamlisha mama?"

Basi lilipoondoka na vijana, Karsimin alikwenda uwanjani kufungua nyavu, maana hazikuwa na wa kuzitumia. Nyuma ya goli, kwenye majani makavu, mguu wake ukagonga kitu.

Fagio. Lilikuwa limesimama vilevile alivyolisimamisha, pilipili zimesinyaa na kuwa nyeusi.

Aliogopa kwa hofu ambayo hakuwahi kuijua akiwa golini. Akaling'oa kwa mikono miwili, akaiomba mvua radhi kwa sauti, kama mtoto. Mfereji ulikuwa karibu. Angelitupa humo, asingejua mtu. Badala yake akalibeba mpaka nyumbani.

Ngatinah alikuwa akichambua mihogo mikavu, chakula cha mwaka mbaya. Karsimin akaliweka fagio miguuni pake.

"Nililisahau," alisema. "Siku ile waliponibeba."

Ngatinah alilitazama bila mshangao.

"Nililiona kesho yake, nilipokwenda kukata majani ya mbuzi."

"Uliliona? Na hukuling'oa?"

"Nilidhani bado una kazi nalo. Mwenye kujua mambo hayo ni wewe." Akarudi kwenye mihogo yake. "Nilikuamini, baba."

Mchuma janga hula na wa kwao. Afadhali angemtukana.

Mvua ilishuka siku chache baadaye, kubwa, ya mchana kutwa, juu ya vitalu vilivyokufa na uwanja usio na wachezaji. Paa likavuja palepale panapovuja kila mwaka. Ngatinah alitafuta chombo, hakukiona, akanyoosha mkono juu ya kabati, akalishusha kombe na kulitega chini ya tundu.

Lilipojaa, Karsimin alilinyanyua mwenyewe akaenda kumwaga maji nje.