Shuka kwa Avoka

Mdogo wangu alikaa miaka tisa katika ndoa bila mtoto. Siku alipojifungua msichana alinipigia simu Uvira kabla hata ya kumwambia mama mkwe wake. "Yaya," alisema, ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "weye njo utakuwa marraine." Mama wa ubatizo, mimi! Nilicheka, nikalia, kisha nikaenda kushonesha kitenge kipya.

Bukavu nilikuwa siijui. Niliingia Jumamosi jioni, nikalala kwa masista karibu na Nyawera, na Jumapili asubuhi mdogo wangu alinielekeza kwa simu: nipande taksi ya Kadutu, nishuke kwa avoka, halafu nipande ngazi za mawe mpaka kanisani. "Misa inaanza saa tatu, na ubatizo iko mwanzoni," alisema. "Padiri yetu hangoji mutu. Ukichelewa, atamupa mutoto marraine mwingine." Akazima simu, akaenda kumvisha mtoto.

Nilipanda taksi nikakaa dirishani. Kuuliza si ujinga, najua, nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu miaka mingi. Lakini mimi nina kiburi changu. Uvira nako ni mjini, nikajiambia, sitajitangaza ugeni mbele ya watu kwa ajili ya avoka, mti wa parachichi tu. Nitauona mwenyewe.

Basi nikatazama. Na kulikuwa na mengi ya kutazama! Ziwa lilitokea upande wangu, tukakata kona, likatokea upande wa pili. Tulipita nyumba za zamani za Wabelgiji zenye veranda za mviringo, nguo zimeanikwa juu yake, na akina mama wamevaa vitenge vya Jumapili wakipanda mlima bila kuhema. Niliona migomba, niliona mikaratusi, niliona hata mpapai mmoja umeota ukutani. Parachichi sikuliona. Abiria walishuka mmoja mmoja, nami nikawa natabasamu peke yangu kwa jinsi mji ule ulivyokuwa mzuri.

Taksi ikasimama. Mbele yetu kulikuwa na soko la Kadutu.

"Maman, tumefika mwisho," shofere alisema.

"Na kwa avoka?"

"Tulishapita, maman."

"Haiwezekani. Sikuona mti!"

"Muti?" Aligeuka kunitazama. "Ule muti balikata zamani, miye nilikuwa bado mutoto." Na mvi alikuwa nazo.

Maman mmoja aliyekuwa anashusha beseni lake la sombe, majani ya muhogo, alicheka mpaka akakaa tena kwenye kiti. Wanasema mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Mimi nilikuwa nimeyakodoa macho yangu kutafuta kitu ambacho hakipo, na sasa ilikuwa saa tatu kasoro dakika kumi. Nilimpigia mdogo wangu, hakupokea. Nikamgombeza shofere, nikaugombeza na huo mti, na mwishowe nikamwambia yule maman ukweli: mtoto wetu wa miaka tisa ya kungoja anabatizwa, na marraine ni mimi.

Akaacha kucheka. "Motari!" aliita. "Njoo mbio! Huyu iko marraine, anachelewa!"

Mimi na pikipiki hatupatani, nilishaapa. Asubuhi ile nilikunja kitenge nikapanda. Tulishuka mlima ule motari akipiga honi na kupayuka, "Marraine! Marraine anapita!" na watu wakatupisha, wakapiga vigelegele, wakanipungia mikono utadhani bibi harusi. Nilifumba macho kwa hofu. Nilipoyafumbua nilikuwa nacheka.

"Kwa avoka," motari alisema, akafunga breki mbele ya kibanda cha kuuza vocha. Hapakuwa na jani hata moja.

Nilivua viatu nikapanda ngazi. Kutoka mlangoni mwa kanisa nilimwona mwanamke, kumbe ni jirani wa mdogo wangu, mwenye kitenge kizuri kuliko changu, amesimama mbele na mtoto wetu mikononi. Padiri alikuwa anauliza marraine ni nani.

"Niko!" nilipaza sauti, viatu mkononi. "Marraine niko!"

Kanisa zima lilicheka, na padiri naye. Jirani alinikabidhi mtoto taratibu, nadhani alishaanza kumzoea. Maji yalipomwagwa mtoto hakulia. Niliyelia ni mimi, kwa furaha, na sikuona haya.

Baada ya misa nilimvaa mdogo wangu. "Mbona hukuniambia mti haupo?"

Alinishangaa. "Hauko? Yaya, miye sijauona hata siku moja. Nilifika hapa nikakuta banasema kwa avoka, na miye nikasema."

Jumatatu nilizunguka mji kwa taksi, peke yangu, mpaka ziwani na kurudi. Wakati wa kurudi, mzee mmoja mwenye sanduku aliniuliza parokia inashukiwa wapi.

"Shuka kwa avoka, papa," nilimjibu haraka, kama niliyezaliwa Kadutu.

Alishukuru, akasogea dirishani, akaanza kuchunguza miti. Nilimwacha atafute kidogo. Kisha nikamgusa bega.

"Usihangaike, papa," nilimwambia. "Tutashuka wote."