Wageni Wanapenda Mguu, Ngozi Inamuuma Kunthea

Saa kumi na moja alfajiri. Keo Kunthea ameketi kwenye kizingiti cha chumba chake cha kupanga, nje kidogo ya mji wa Kampong Speu nchini Kambodia, anakikagua kigutu cha mguu wake wa kushoto kwa kioo kidogo. Anatafuta wekundu, malengelenge, kipele chochote kinachochipuka. Leo pamekauka. Anavuta soksi, anakitumbukiza kigutu ndani ya mguu wa bandia, uso unajikunja.

"Watu huniuliza kama mguu unauma," anasema mshonaji huyo wa miaka thelathini na minne. "Mguu ni plastiki, hauumi. Inayoliwa ni ngozi yangu."

Mguu wenyewe aliupoteza barabarani, lori lililowabeba yeye na wafanyakazi wenzake wa kiwanda cha nguo wakiwa wamesimama kama ng'ombe lilipopinduka. Kiwanda kilimrudisha kazini, kikampiga picha akitabasamu na mguu mpya, kikaibandika getini. Kisha msimamizi wake, Vuthy, akatoa amri: ndani ya ukumbi wa kushonea mguu usivuliwe, maana wageni wanaonunua nguo hupita wakati wowote.

Kunthea alikuwa akishona ameketi. Pedali aliikanyaga kwa mguu wake mzima. Hakuna aliyewahi kumweleza ule wa bandia ulimsaidia nini pale kitini.

Joto la Aprili lilipobana chini ya mabati, jasho lilijaa ndani ya plastiki. Vipele vikawa majipu, majipu yakapasuka. Fundi aliyemtengenezea mguu alimshauri auvue kila anapoketi, ngozi ipate hewa. Kunthea alipomfikishia Vuthy ushauri huo, aliambiwa wenzake wanalalamikia harufu, aoge vizuri.

"Nilikuwa naoga asubuhi, mchana na jioni," anasema, sauti ikipanda. "Ile ilikuwa harufu ya nyama yangu ikioza kwa amri yake."

Sreyleak, aliyekuwa akishona kwenye mashine ya jirani, anakanusha habari za harufu. "Hatukulalamikia harufu hata siku moja. Tulilalamikia joto."

Siku moja homa ilimwangusha Kunthea juu ya mashine. Akalazwa. Daktari alimwonya kwamba kidonda kikirudi, atakatwa tena, safari hii juu ya goti.

Siku aliyorudi kazini aliuvua mguu mbele ya kila mtu, akausimamisha kando ya kiti. Vuthy alikuja mbio.

"Vaa mguu, dada."

"Uvae wewe, kaka. Jioni tutalinganisha ngozi."

Wanawake walicheka. Vuthy hakucheka. Kesho yake alimhamishia chumba cha nyuma, kwenye pasi za mvuke, ambako wageni hawafiki. Huko ameruhusiwa kuuvua mguu apendavyo. Lakini kupiga pasi ni kazi ya kusimama, kutwa nzima.

Tangu hapo wekundu umerudi mara mbili. Kunthea anataka kiti chake, basi, na haki ya kuuvua mguu akiwa amekikalia. Wanawake wa mstari wake wa zamani wamekubaliana kwamba wageni wakiingia tena, watazima mashine zote, naye atatoka chumba cha nyuma kwa magongo.

Ninamuuliza kama haogopi mipango hiyo kutoka gazetini.

"Andika, Vuthy asome," anajibu. "Mguu wameshautazama sana. Mimi nitawaonyesha kigutu."