Nati ya Shaba Kwenye Pindo la Kanga

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo haijanitoka akilini. Nimeikumbuka tena juzi nilipokuja kwako, nikaona vikombe vipya vimepangwa kabatini huku wajukuu zangu wananywea uji kwenye kopo lililotoboka ukingoni. Sikusema kitu mbele ya wageni. Sasa nimekaa, Mungu amenipa nguvu ya kushika kalamu, acha nikuandikie.

Nilikuwa mhudumu wa zahanati ya kanisa kule Kiriba. Wewe hukuikuta miaka ile ya foleni. Kipande cha sabuni tuligawana kwa uzi, na petroli ilitoka kwa kibali tu. Zahanati ilikuwa na mtumbwi wa kupelekea chanjo ng'ambo ya ghuba, na kilichousukuma ni mashine ndogo ya umeme aliyotuachia mgeni mmoja wa parokia, aliyekuwa akiitumia kuvulia samaki kwa kujifurahisha. Ilitumia betri ya gari. Haikuwa na mbio, lakini haikuomba kibali, nasi tulimshukuru Mungu kwa hilo. Betri tuliichajisha Musoma, ikarudi imefungwa nyuma ya baiskeli.

Mashine hiyo nilikabidhiwa mimi, kwa sababu baba yangu alikuwa fundi baiskeli Bunda na spana nilizijua kabla sijajua kusuka nywele.

Propela yake ya plastiki ilipovunjika kwenye mwamba, hapakuwa na duka la kununua nyingine. Mzee Mafuru, katekista wetu, alikuwa pia mchongaji wa makasia. Akachonga propela ya mti wa mvule, yenye mapanga mawili. Ile nati ya kuishikilia tuliitoa kwenye ekseli ya baiskeli, ndogo, meno yake yamelika. Kila safari ilizidi kuutafuna ule mti, propela ikawa inayumba kama mtu aliyevaa viatu vya kaka yake. Hata hivyo ilitufikisha.

Kisha biashara ikaruhusiwa, na maduka ya Nyakato yakaanza kujaa vitu tulivyokuwa tumesahau majina yake. Nesi wetu, Perusi, alikuwa na kaka aliyesafiri sana. Akatuletea propela mpya ya mapanga matatu, mapana, yaliyopinda kwenda nyuma ili majani yateleze. Pamoja nayo ilikuja nati ya shaba, nene, yenye kitako kipana na masikio mawili, ya kukazwa kwa vidole bila spana.

Propela niliifunga siku hiyohiyo. Nati sikuifunga. Iling'aa mno, mwanangu. Nikajiambia, hii ya baiskeli bado inashika, hii nzuri itakuja kuwa na siku yake. Ndivyo foleni ilivyokuwa imetulea: kizuri kinafichwa, kibovu kinafanya kazi. Nikaifunga kwenye pindo la kanga yangu, pale mama zetu walipofunga vitu visivyotakiwa kupotea, nikatembea nayo kila mahali, hata ibadani.

Ile propela ya mti niliitupa kwenye kuni. Mzee Mafuru akaiokota.

"Hii irudi mtumbwini."

"Mzee, hata moto umeikataa hiyo."

"Basi na isiliwe na moto. Haituombi chakula. Ipande."

Ikapanda, ikalala chini ya ubao wa kukalia.

Siku ninayokusimulia tulikuwa tunapeleka chanjo ya surua. Kijiji cha ng'ambo kilikuwa kimezika watoto wawili mwezi ule, na akina mama walikuwa wameambiwa wakusanyike asubuhi hiyo. Nesi Perusi alipakata sanduku la chanjo. Barafu yake ilikuwa ya kufika mchana, si zaidi. Ikiyeyuka, dawa imekufa, na nyingine ingechukua wiki kadhaa kupatikana.

Tulipofika katikati ya ghuba, upepo ulikuwa umesukuma magugu maji yakafunga njia. Propela ikayameza, ikakwama. Nikafanya nilivyozoea: nikaigeuza mashine izunguke kinyume, iyateme. Iliyatema kweli. Lakini kuzunguka kinyume ndiko kulikoifungua ile nati iliyolika meno. Mashine ikawa nyepesi ghafla, ikalia kwa sauti nyembamba, mtumbwi ukasimama.

"Imekwenda," nikasema.

"Nini imekwenda?" akauliza Nesi Perusi.

"Propela."

"Ile mpya?"

"Ile mpya."

Mzee Mafuru aliinua kasia lake kutoka majini; kwa kasia hilo peke yake tusingefika kabla ya jioni. "Na nati?"

"Nayo. Ile ya baiskeli."

"Ya baiskeli." Akalilaza kasia mapajani. "Na ile ya shaba inakaaga wapi?"

Mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye pindo. Nesi Perusi akaona.

"Yesu wangu! Nati imevishwa kanga, mashine inatembea uchi!"

Angecheka, lakini alikuwa ameshika lile sanduku. Mimi nilianza kulia. Mzee Mafuru hakupandisha sauti.

"Binti yangu, ulikuwa unamtunzia nani? Mashine nyingine unayo?"

"Hapana, Mzee."

"Mungu alipokuwa hajatupa, tuliomba kila Jumapili. Ametupa, tumefunga fundo. Sasa akitaka kutupa tena, ataweka wapi? Futa machozi. Fungua hilo fundo."

Mwanangu, fundo lile nilikuwa nimelikaza kuliko nati yoyote niliyopata kukaza. Nililifungua kwa meno. Mzee akavuta ile propela ya mti chini ya ubao. Tukainua mashine, nikaona pini ya kuzungushia propela bado imo kwenye shafti, nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikavisha propela, nikaikaza nati ya shaba kwa vidole. Kitako chake kipana kiliukumbatia ule mti uliotafunwa, ukatulia tuli. Nilipowasha, haikuyumba. Kwa mara ya kwanza tangu ichongwe, propela ya Mzee Mafuru ilizunguka sawasawa, na mtumbwi ukaondoka kama uliosukumwa na mkono.

Magugu yalitukamata mara mbili nyingine. Kila mara nilizima, nikafungua nati kwa vidole, nikachomoa majani, nikafunga, tukaenda. Mara ya pili Nesi Perusi akasema, "Upesi hivyo, hata chai isingechemka!" Mzee akaanzisha wimbo, nasi tukapokea.

Akina mama walituona tukiwa mbali. Walishuka mpaka maji yakawafika magotini, watoto mgongoni, vigelegele juu. Wanaume wakaubeba mtumbwi na sisi ndani yake, wakautua mchangani. Nesi Perusi akafungua sanduku: barafu ilikuwa imebaki kipande kama kidole gumba. Ilitosha. Wote walichanjwa, hadi mtoto wa mwisho aliyemng'ata nesi mkono. Surua haikuzikisha tena mtoto pale mwaka ule. Mmoja wa watoto wale ndiye mwalimu anayemfundisha mwanao kusoma.

Nati ile haikurudi kwenye kanga. Ilibaki kwenye mashine mpaka ikapoteza mng'ao, ikawa nyeusi, na sijawahi kuiona nzuri kama ilipokuwa nyeusi.

Basi nakuusia hivi. Kizuri alichokupa Mungu, kitie kazini leo, kwenye kazi ile aliyokikusudia. Uhaba umepita, usiuache uendelee kukaa kabatini kwako. Na kile cha zamani kilichokuvusha usikitupe motoni kwa sababu umepata kipya, kwani siku moja hivyo viwili vitahitajiana. Ukikemewa na mzee, futa machozi haraka uanze kufungua fundo. Watoto wapewe vile vikombe. Vikivunjika, vitakuwa vimevunjika vikinywewa.

Mungu aliyetufikisha kabla barafu haijaisha akufikishe na wewe. Aujaze mkono wako, na kila anapoujaza aukute uko wazi. Azidi kukuongoza, mwanangu, wewe na wote wanaokunywa uji nyumbani mwako. Amina.